Wachuka Wawili na Gari Moja

Fomu ya bima ilikuwa na kurasa sita, na katika nyumba ya Gatimu hakuna aliyekuwa na subira ya kumaliza hata ukurasa mmoja. Basi ikamwangukia Wachuka. Si yeye ndiye aliyetoka chuo kikuu? Si yeye aliyekaa miaka minne akisomea mifugo, akarudi Ruring'u na vyeti vilivyotiwa plastiki? Alipangusa meza kwa mkono wa sweta, akashika kalamu, na moyo wake ulikuwa mwepesi, kwa maana tangu ahitimu hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa na kazi inayomngoja.

Kazi yenyewe ilikuwa Endarasha, katika chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Walitaka mtu wa kuzunguka mashambani akiwaelekeza wakulima juu ya nyasi, chanjo na usafi wa kukama. Walitaka pia mtu mwenye gari. Wachuka alikuwa na leseni ya mwanafunzi, herufi mbili nyekundu za L za kubandika mbele na nyuma, na mtihani wa kuendesha ambao ulikuwa umebakisha wiki tatu. Gari hakuwa nalo. Lakini pale nyumbani yalikuwapo matatu: pikapu ya baba yake ya kubebea chakula cha mifugo cha dukani, kigari cha mama yake Ngendo, aliyekuwa mwalimu, na Corolla nyeupe ya nyanya yake.

Nyanya huyo, ambaye kila mtu alimwita Cucu, jina lake pia lilikuwa Wachuka. Ndivyo ilivyo desturi: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na hapewi jina tu, anahesabiwa kuwa ni yeye amerudi tena. Ndiyo sababu Gatimu, mwanamume wa miaka hamsini na mwenye mvi, alimwita binti yake "Maitu", yaani mama yangu. Na Cucu mwenyewe alimwita "wajina", akalitamka neno hilo kama mtu anayejiangalia kwenye kioo akaridhika.

Bwana Oloo, wakala wa bima, alikuwa amepita siku mbili kabla akawaeleza mambo kinaganaga.

"Mzee Gatimu, familia moja, karatasi moja, tarehe moja," alisema huku akipuliza chai. "Mkileta magari yote matatu pamoja, kampuni inawashushia bei. Lakini ukurasa wa nne uko na maneno. Mama mzee amepita sabini, kwa hivyo watataka barua ya daktari. Na huyu dada bado anajifunza."

"Tukimwandika?" Gatimu akauliza.

"Mkimwandika, bei inapanda kwa magari yote matatu, si kwa lile lake peke yake. Na mpaka apate leseni, bima inamtambua tu kama dereva mwenye leseni ameketi hapo kando yake."

"Na tusipomwandika?"

"Basi asiguse usukani," Oloo akasema, akacheka peke yake.

Sasa Wachuka alipoufikia ukurasa huo wa nne, Gatimu alikuwa akiichezea kofia yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyezoea kuamini kwamba kampuni zote duniani ziliundwa ili zimnyang'anye yeye.

"Maitu," akasema mwishowe. "Hapo kwa dereva mkuu wa Corolla, andika Wachuka."

"Wachuka gani, Baba?"

"Wachuka ni mmoja. Tulikupa jina la mama yangu kwa nini? Kampuni inataka Wachuka ambaye ameendesha miaka ishirini na tisa bila kugonga hata kuku. Si huyo yuko? Gari ni yake, kitambulisho ni chake. Kwenye karatasi ataendesha yeye. Kwenye barabara utaendesha wewe."

"Lakini huo ni uongo."

"Ati uongo!" Gatimu akamgeukia mkewe. "Ngendo, sikia huyu. Tumemsomesha mpaka amejua uongo ukiwa bado mbali. Uongo ni kama ningeandika jina la jirani."

Ngendo aliendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. "Mwache, Baba Wachuka," alisema, lakini hakusema amwache nani afanye nini.

Wachuka alijiambia kwamba ni kwa miezi michache tu. Angepata leseni, angepata mishahara mitatu minne, angeenda mwenyewe kwa Oloo, aweke mambo sawa na alipe tofauti. Aliliamini jambo hilo kwa dhati. Katika umri wake mtu huamini kwamba kosa likiwekewa tarehe ya kurekebishwa, limekwisha kurekebishwa nusu.

Yeye ndiye aliyetumwa kwa Cucu. Ilijulikana kwamba Cucu angeweza kumnyima mwanawe, angeweza hata kumnyima mchungaji, lakini hangeweza kumnyima wajina. Alimkuta nyuma ya nyumba akiosha gari kwa kitambaa na ndoo, kama alivyofanya kila Jumamosi. Cucu alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kahawa hadi alipostaafu. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka arobaini na minne, mwaka ule mumewe alipofariki akaacha gari ambalo shemeji zake walianza kulizungukazunguka. Kabla hawajaamua nani alichukue, akalitoa uani yeye mwenyewe. Hii Corolla ilikuwa ya pili. Ilimpeleka kanisani, sokoni, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ilimpeleka hadi Kianyaga, kupitia Karatina na Kutus, kwa dada yake Wangui aliyekuwa haoni tena.

"Jumatatu hadi Ijumaa ni yako," Cucu alisema bila hata kusubiri Wachuka amalize. "Mimi siku hizo naenda wapi? Jumapili ni ya Mungu. Na Jumamosi ya kwanza ni ya Wangui, hiyo usiiguse."

"Sitaigusa, Cucu."

"Huwa unakanyaga breki kama mtu anayeua mende. Utaacha hiyo."

"Nitaacha."

Wakacheka wote wawili. Wachuka hakumwambia habari za ukurasa wa nne.

Siku ya kwenda kwa daktari wa macho, Cucu alivaa suti yake ya kijani na viatu vya kamba. Njia nzima alikuwa akisoma mabango kwa sauti: ya duka la dawa, ya mbegu za viazi, ya mganga wa kutoka mbali. Aliogopa. Alidhani barua ile ndiyo itakayoamua kama ataendelea kuendesha au ataketi nyumbani, na usiku uliotangulia hakuwa amelala vizuri. Daktari alipomwonyesha ubao wa herufi, alisoma mstari wa kwanza hadi wa mwisho, halafu akauliza, "Na hapo chini kabisa ni jina la kiwanda kilichochapisha, ama huo pia nisome?"

Daktari alicheka hadi akavua miwani yake. Akampima mapigo ya moyo, akampima shinikizo la damu, akamkunjisha magoti. Kisha akaandika: anafaa kuendesha gari.

Cucu aliisoma barua hiyo mara mbili pale mlangoni. "Umeona, wajina? Sabini na tatu, na bado niko barabarani."

Walikwenda moja kwa moja ofisini kwa Oloo, ambapo Gatimu alikuwa anawangoja. Cucu alitia sahihi kwa mwandiko ule wa karani, wa herufi zilizosimama wima. Kabla hajairudisha kalamu, kidole chake kilishuka kwenye mstari mmoja.

"Hapa mmeandika ni mimi naendesha sana kuliko wengine."

"Si ni gari yako, Mama?" Gatimu akajibu haraka.

"Ni yangu."

Oloo akamtazama Wachuka juu ya miwani. "Na huyu dada? Hataligusa?"

Hapo ndipo ukweli ulipokuwa na nafasi yake. Chumba kilikuwa kimetulia, hakuna aliyemziba mdomo. Wachuka aliiona Endarasha, aliwaona wale wakulima, aliona jina lake kwenye mlango wa ofisi.

"Mara moja moja," akasema. "Cucu akiwa kando."

Oloo hakuliandika hilo popote. Cucu alimtazama wajina wake. Halikuwa jicho la hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma mizani mara ya pili kwa kuwa uzito haukumwingia akilini. Kisha akaikunja nakala ya barua ya daktari, akaitia kwenye mkoba.

Jumatatu asubuhi Gatimu alizibandua zile herufi za L, ya mbele na ya nyuma.

"Baba, nani ataketi kando yangu?"

"Mama yuko kwenye karatasi. Hiyo inatosha."

Na wiki mbili za kwanza zilikuwa tamu, hilo lazima lisemwe. Wachuka aliifahamu barabara ya Kieni kona kwa kona. Wazee walimpokea kwa uji, kina mama walimwonyesha ndama wanaoharisha kama watu wanaomwonyesha daktari watoto wao. Mtihani wa kuendesha uliahirishwa, ukapangwa tena mwezi uliofuata. Hakujali sana. Jumamosi ya kwanza ikafika, chama kikaitisha mafunzo ya wakulima, na Wachuka akampigia Cucu simu.

"Cucu, si utaenda Jumamosi ijayo?"

"Nitamwambia Wangui."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na chanjo. Mwezi wa pili Cucu hakuuliza. Ufunguo ulikuwa umezoea kulala katika mkoba wa Wachuka, na Jumapili Cucu alianza kwenda kanisani na Ngendo katika kile kigari, ameketi nyuma. Barua ya daktari, iliyosema kwamba anafaa, ilikuwa inafanya kazi nzuri ofisini kwa Oloo. Ilishusha bei kila siku.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo, kwa jinsi watu wanavyopima ajali. Ilikuwa saa moja asubuhi, kabla ya kufika Endarasha, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye nyasi. Kioo kikajaa mvuke ndani. Wachuka akanyoosha mkono akipangusa kwa kiganja, na kilipotokea kijishimo cha kuonea, ndani yake alikuwapo punda. Alikanyaga breki. Gari likapiga ubavu wa mkokoteni, likamzungusha punda, likaingia mtaroni na pua mbele. Maziwa ya mitungi sita yakateremka barabarani, meupe juu ya vumbi, kana kwamba mtu alikuwa anaosha njia.

Mwenye punda aliitwa Gathogo. Hakuumia. Alichuchumaa kando ya mnyama wake aliyevunjika mguu wa mbele, akawa anamshika masikio. Alipoinua uso, alimwona mwalimu wake wa usafi wa kukama.

"Haiya," akasema kwa upole. "Kumbe ni wewe, mwalimu."

Gatimu alifika kwa pikapu kabla ya saa tatu. Alimtazama binti yake kutoka kichwani hadi miguuni, akaona yuko mzima, na macho yake yakalowa kidogo. Kisha akamvuta Gathogo kando. Wachuka alisikia.

"Punda nitakulipa, na maziwa nitakulipa. Wewe uliona nani akiendesha?"

Gathogo alifikiri. "Mimi niliona gari."

"Basi."

Jioni walikusanyika sebuleni kwa Cucu. Fomu ya madai ilikuwa mezani. Taa ya mbele, bampa, rejeta, boneti, na chuma cha ndani kilichopinda. Wachuka alikuwa analia bila sauti.

"Tukisema ni yeye," Gatimu alianza, "hawalipi hata kidogo. Watasema hakuwa na leseni kamili, hakuwa na mtu kando, na sisi tuliandika uongo. Na chama cha Endarasha wakisikia, wanamfuta. Lakini tukisema ni wewe, Mama, ulienda kumwona shambani asubuhi..."

"Niliendesha kwenye ukungu saa moja asubuhi," Cucu akasema.

"Ndiyo."

"Nikagonga punda."

"Mama, ni karatasi tu."

"Gatimu, mimi nimekaa kwenye mizani miaka ishirini na mbili. Usiniambie ni karatasi tu." Akamgeukia Wachuka. "Ulikuwa unaenda kasi?"

"Hapana, Cucu. Kioo kilijaa mvuke. Nilikuwa nakipangusa."

"Na ile swichi ya hewa? Si nilikuonyesha?"

"Nilisahau."

Cucu akatikisa kichwa. "Wacha kulia. Nieleze vizuri. Punda alikuwa anatoka upande gani?"

Wachuka akaeleza. Cucu akamwuliza kuhusu mtaro, mkokoteni, rangi ya mitungi, umbali wa ile nyumba ya kwanza. Alichukua maelezo yote kwa utulivu, akayarudia, akarekebishwa mahali pamoja. Kisha akavaa miwani ya kusomea, akaandika kwa mkono wake kwamba yeye, Wachuka, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, aligonga mkokoteni kwa kutoona mbele. Kesho yake alipelekwa kituoni akasema maneno hayohayo, na askari akaandika alichoambiwa.

Siku tano baadaye Wachuka alikwenda kwa Oloo peke yake. Hakuwa amelala vizuri tangu ajali. Alikuwa ameandika maungamo yake kwenye karatasi, ili asiyapunguze akiwa njiani.

Oloo alisoma mistari miwili, akaigeuza karatasi kifudifudi mezani.

"Dada, sijasoma hii."

"Umesoma, Bwana Oloo."

"Nisikilize kwanza. Nikisoma hii, lazima niipeleke. Na nikiipeleka, ni nani aliyetia sahihi kwenye fomu ya kwanza? Ni mama mzee. Kwenye ya madai? Ni yeye. Polisi aliambiwa na nani? Hapa jina lako haliko popote. Wataita mtu wa miaka sabini na mitatu wamwulize kwa nini alidanganya. Na kwa kuwa magari yako pamoja, wanafuta bima ya yote matatu, ya baba yako na ya mwalimu." Akainua mikono. "Mlitaka karatasi moja. Hii ndiyo karatasi moja."

"Sasa nifanye nini?"

"Kama ungesema siku ile nilipokuuliza, ningejua la kufanya." Hakusema kwa kumsuta. Ndiyo maana iliuma.

Wachuka akaichukua karatasi yake, akaikunja mpaka ikawa ndogo kabisa.

Kampuni ililipa. Gari likatengenezwa, likanyooshwa boneti, likarudi jeupe kuliko lilivyokuwa. Pamoja na malipo ikaja barua. Wachuka, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa amefaulu mtihani wake wa kuendesha, ndiye aliyeisoma kwa sauti, kwa kuwa Gatimu alisema hana miwani. Kampuni ilisikitika kwa ajali. Kwa sababu ya umri wa dereva na aina ya kosa, kuanzia tarehe hiyo bima haingemtambua tena Bi. Wachuka mkubwa nyuma ya usukani wa gari lolote kati ya yale matatu. Familia iliombwa imtaje dereva mwingine wa Corolla. Na bei ya yote matatu ingepanda.

"Kwa hivyo imepanda tu," Ngendo akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu juu ya jambo hilo tangu ajali.

Gatimu alitazama nje dirishani. "Mama, si utapumzika? Umeendesha vya kutosha."

"Andikeni jina la mtoto," Cucu akasema. "Sasa ana leseni. Hiyo itakuwa kweli."

Habari za punda na za barua hiyo zilifika kanisani kabla ya Jumapili. Baada ya ibada kina mama walikuwa wanakunywa chai kwenye nyasi, na Warigia, mwenyekiti wao, mwanamke mcheshi asiye na ubaya moyoni, akapaza sauti.

"Cucu! Ati punda wa Endarasha hakukuona, ama wewe ndiye hukumwona?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akaongeza, "Jameni, wazee wetu wapumzike. Kuna wakati mkono haumsikii mwenyewe."

Cucu naye alicheka. Akaweka kikombe chini akawasimulia: ukungu ulivyokuwa, mvuke kwenye kioo, kiganja kikipangusa, na ndani ya kile kijishimo masikio mawili marefu. Aliiga sauti ya mitungi ikibiringika. Aliisimulia vizuri kuliko Wachuka alivyomweleza, na kina mama walishikilia mbavu. Wachuka alisimama nyuma yake na sahani mkononi, akisikia aibu yake mwenyewe ikitoka katika kinywa kile.

"Mama Warigia," akasema. "Si yeye aliye..."

"Wachuka," Cucu akamkatiza bila kugeuka. "Niletee mandazi."

"Cucu, mimi nataka..."

"Mandazi, nimesema. Yako kule mezani."

Akaenda. Akachukua matatu, akarudisha moja. Aliporudi, mazungumzo yalikuwa yamehama. Warigia alikuwa amefungua daftari la kikundi juu ya goti, na kina mama walikuwa wanapanga zamu za kumchukua Cucu nyumbani kila Jumapili na kumrudisha, na Jumamosi moja moja kumfikisha Kianyaga kwa dada yake, ili asihangaike. Walikuwa wamejitolea saba tayari, kwa furaha, mmoja akimzidi mwingine.

"Na huyu wajina wako ako na gari nzuri," Warigia akasema, kalamu ikiwa hewani. "Wachuka, tukuandike Jumapili gani?"

"Zote," Wachuka akasema. "Niandikeni zote. Na Jumamosi za Kianyaga."

Cucu alipokea mandazi, akayapangusa sukari.

"Msimwandike," akawaambia. "Huyo ana kazi."

Warigia akalipita jina lake, akamwandika anayefuata.